UZI: Kampuni za dawa hutafuta wachumaji kama msimu wa karafuu. Pemba tumo kazini, je mkataba tunausoma?

Mtambile77 (mleta mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Juzi nilikuwa kwenye boti natoka Mkoani kuja Unguja. Mbele yangu wamekaa vijana wawili wa chuo wanabishana. Mmoja anamwambia mwenziwe kwamba kampuni za bayoteknolojia zina maabara kubwa kama mji, kila kitu wanajifanyia wenyewe ndani ya ukuta wao, kwa hiyo sisi wa visiwani tusijisumbue kusomea mambo hayo, hakuna pa kuingilia. Nilitamani nimjibu, lakini tulikuwa tunafunga Malindi na watu wameshasimama na mizigo yao. Jibu lake naliweka hapa.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka kumi na moja nimesoma glasi za choo na mkojo kwa hadubini kwenye miradi ya utafiti, mingi yake Pemba. Na nilichojifunza ni kwamba ukuta anaousema yule kijana haupo. Kampuni hizi zinaishi kwa kazi ya watu wa nje.

Tuanze na mama yao wote. Genentech ilianzishwa California mwaka 1976 na watu wawili, Robert Swanson aliyekuwa mtu wa fedha, na Herbert Boyer, mwanasayansi wa chuo kikuu. Ilipoanza haikuwa na maabara yake. Kazi ya mwanzo ilifanyika kwenye maabara ya chuo cha Boyer kule San Francisco, na kwenye kituo cha City of Hope kusini mwa California, ambako Arthur Riggs na Keiichi Itakura ndio walioziunda jeni kwa kemia. Jeni hizo zikatiwa ndani ya bakteria, na mwaka 1978 bakteria wakatoa insulini ya binadamu, dawa ya kisukari. Haya, nani wa kuitengeneza kwa mapipa na kuifikisha hospitali? Genentech ilikuwa haina uwezo huo. Ikaingia mkataba na Eli Lilly, kampuni kongwe ya insulini, na mwaka 1982 dawa ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Humulin. Lilly akauza, Genentech akala mrabaha, yaani fungu lake katika kila mauzo.

Sasa nyie mliokulia Pemba, hii biashara si mnaijua? Mwenye shamba ana mikarafuu imezaa, lakini hana fedha za msimu. Anaikodisha ikiwa bado juu. Mkodi anakuja na fedha zake, anatafuta wachumaji, anawalipa kwa pishi, anasimamia kuchambua na kuanika, halafu anapeleka kituoni. Mvua ikiharibu, hasara yake. Bei ikiwa nzuri, faida yake.

Kampuni changa ya bayoteknolojia ndiye mwenye shamba. Ana wazo na ana hataza yake, yaani hati ya kumiliki ugunduzi, basi. Kampuni kubwa ndiyo mkodi. Inatoa malipo ya awali, halafu malipo ya hatua kila dawa inapovuka mtihani mmoja, na mwisho mrabaha kwa kila inachouza. Na katikati yao wapo wachumaji: maabara za kukodi zinazopima sumu kwa wanyama, viwanda vinavyotengeneza dawa kwa kandarasi, na vituo vinavyoijaribu kwa binadamu. Hawa hulipwa kwa pishi. Dawa ikija kuuzwa mabilioni, pishi ni ileile.

Nitaendelea, naomba msifunge uzi.

Mtambile77

Naendelea.

Kwa nini wasifanye wenyewe? Kwanza ni hofu ya hasara. Katika kila dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, tisa hivi huanguka njiani. Ukiwa umejenga kiwanda na kuajiri watu elfu kwa ajili ya dawa iliyoanguka, umekwisha. Bora kukodi. Pili, hakuna kampuni yenye mafundi wa kila fani. Chanjo ya Covid ya BioNTech wengi tunaiita ya Pfizer. BioNTech ni kampuni ya Mainz, Ujerumani, iliyoanzishwa 2008 na mtu na mkewe, Uğur Şahin na Özlem Türeci, pamoja na wenzao. Lile wazo la kuibadilisha mRNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze nini, ili mwili usiipige vita lilitoka kwa Katalin Karikó na Drew Weissman wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na likawapa Nobel mwaka 2023. Tone la mafuta linaloibeba mRNA mpaka ndani ya seli lilitoka Acuitas, kampuni ndogo ya Vancouver, Kanada. Pfizer, ambayo tangu 2018 ilikuwa na mkataba na BioNTech wa chanjo ya mafua, ikaleta fedha, viwanda na uwezo wa kuendesha majaribio ya maelfu ya watu. Ukimwondoa mmoja hapo, chanjo haitoki Desemba 2020.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi. Kuna vitu huwezi kuvifanya Ulaya hata uwe na fedha za kumwaga. Basel kule Uswisi hakuna minyoo mjeledi, ile inayokaa ndani ya utumbo wa mtu. Ukitaka kujua kama dawa yako inaiua, lazima uende waliko watu wenye minyoo, na uwakute watu wanaojua kuisoma.

Ndipo inapoingia Pemba. Sikilizeni safari ya dawa inayoitwa emodepside. Mwanzo wake ni kuvu aliyeota kwenye majani ya mti wa kamelia huko Japani. Kampuni ya Meiji Seika ikatoa ndani yake kemikali inayoua minyoo. Kampuni nyingine ya Kijapani, Fujisawa, ambayo leo imo ndani ya Astellas, ikaiboresha. Bayer ya Ujerumani ikaichukua na kuifanya dawa ya minyoo ya paka. Ikakaa kwenye maduka ya dawa za mifugo miaka kadhaa. Mwaka 2014 shirika la DNDi la Geneva, linaloshughulikia maradhi ya watu maskini, likafunga mkataba na Bayer kuona kama itafaa kwa usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni. Baadaye Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki na Afya ya Jamii ikaamua kuijaribu kwa minyoo ya tumbo. Na wapi wakaijaribu? Pemba, wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000.

Majibu yalichapishwa 2023 kwenye New England Journal of Medicine, jarida la tiba la Marekani. Albendazole, ile tunayowapa watoto skuli, dozi moja iliponya minyoo mjeledi kwa kiasi cha asilimia 17. Emodepside ya miligramu 5 tu ikaponya kiasi cha asilimia 85.

Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Kila asilimia ndani ya karatasi ile imetoka kwenye kikopo cha choo cha mtu wa Pemba.

Nas_Vikokotoni

Mleta mada ahsante, lakini mimi nina dukuduku. Unavyosimulia kama sifa, wengine tunaona tunafanywa panya wa majaribio. Wazungu wana dawa, hawataki kuwajaribia wenzao, wanakuja kwetu. Ushirika gani huo?

Mtambile77

Nas, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Kuna jaribio kubwa lilifanyika Pemba miaka ya mwanzo ya 2000, watoto zaidi ya 24,000, kuona kama kuwapa madini ya chuma na foliki kutawasaidia. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inapendekeza chuma kwa watoto wadogo. Bodi iliyokuwa ikiangalia usalama ikaona waliopewa chuma wanalazwa na kufa zaidi kidogo kuliko wasiopewa, kwa sababu Pemba malaria ilikuwa kali. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa. Karatasi ikatoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2006, na miongozo ya dunia kuhusu chuma kwenye nchi za malaria ikabadilishwa.

Nalitaja hili kwa heshima, maana kuna familia nyuma ya namba hizo. Lakini liangalie pande zote mbili. Ni kweli hatari ilitufikia sisi. Ni kweli pia kwamba bila kupimwa Pemba, chuma kile kingeendelea kugawiwa Afrika nzima na hakuna ambaye angejua. Mtu aliyebeba hatari ya namna hiyo si panya. Ni mshirika, na mshirika ana haki zake. Ugomvi wangu mimi ni kwamba haki hizo hatuzidai kwa sababu wenyewe hatujijui kuwa ni washirika.

Na leo utafiti wa afya hauingii Zanzibar kiholela. Lazima upite kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI, pale Binguni. Mlango upo. Ninachouliza ni sisi tunasimama upande gani wa meza mlango ukishafunguliwa.

BintiJambiani

Kaka Mtambile, mimi ni mkulima wa mwani na mama yangu alianza tangu 1989 walipoleta mbegu kutoka Ufilipino. Hapa kwetu sijaona kampuni ikatuita washirika. Tunapewa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, tunauza mkavu, unakwenda nje kutolewa karajinani, ule ute wa kuzitia uzito bidhaa, unarudi umo ndani ya dawa ya meno. Kotonii, moja ya aina za mwani tunazolima, ilipoanza kufa kwa maji moto, sisi ndio tuliokuwa wa mwanzo kuiona. Tunaingia baharini kila bamvua, tunaushika mwani kwa mkono, ukilainika na kuweupa tunajua kabla ya mtaalamu yeyote. Nani alituuliza?

Mtambile77

Bi mdogo, umenipa mfano bora kuliko wangu wote.

Ulichokisema ndicho utafiti wenyewe. Kuona mwani unaweupa, kujua ni mwezi gani, maji ya namna gani, kina gani, hizo ni data. Kampuni inayotaka mbegu itakayohimili joto lazima ipate mtu anayejua hayo. Wapo waliowauliza: Dakta Flower Msuya, alipokuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapo Unguja, alifanya kazi miaka mingi na akina mama kujaribu nyavu za mrija ili kotonii ilimwe kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi. Ule ni utafiti wa pamoja, mkulima na mtaalamu ndani ya maji mamoja. Lakini wanunuzi wengi wanakuona wewe ni mchumaji wa pishi, na bei wanapanga wao.

Tofauti ya mchumaji na mshirika imo kwenye maandishi, si kwenye kazi mliyofanya.

Mwalimu_Konde

Naongezea kidogo. Nafundisha bayolojia. Niliposoma hapo juu kuhusu kuvu wa kwenye jani la kamelia nikaufikiria msitu wetu wa Ngezi. Pale pana mpopoo wa Pemba usioota porini pengine popote duniani, wataalamu walikuwa wakiuita Dypsis pembana, siku hizi Chrysalidocarpus pembanus. Nani anajua kuna kuvu gani kwenye majani yake? Kesho akija mtu na mfuko wa plastiki akachukua majani kumi, itakuwaje?

Mtambile77

Mwalimu, kwa mimea, kuvu na viumbe vya bahari ipo Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa Japani 2010 na kuanza kazi 2014. Inasema anayechukua aombe ruhusa kwanza na wakubaliane namna ya kugawana faida. Lakini itifaki hiyo haihusu sampuli za binadamu. Damu, choo na mkojo vinalindwa na kamati za maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa hiyo jani la Ngezi lina itifaki ya kimataifa inayotaja mgao wa faida, na kikopo cha choo cha mtu wa Ngezi kinategemea tu kilichoandikwa kwenye karatasi ya mradi. Ndiyo maana nasema karatasi isomwe.

Kwa wasiowahi kuingia maabara, nikuonyesheni kazi inayouzwa kwa pishi ni kazi ya aina gani.

Kikopo kinafika asubuhi kina namba, hakina jina. Unachukua choo kidogo, unakibinya kwenye wavu ili kapi zibaki chini. Kinachopita unakikwangua na kukijaza kwenye kitundu cha kibati kilichowekwa juu ya glasi. Kitundu kile kinabeba miligramu 41.7, si zaidi. Unaondoa kibati, unafunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye rangi ya kijani, unabonyeza kwa glasi nyingine mpaka choo kitandazike. Halafu saa inaanza kukufukuza. Mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba, ukichelewa kupita saa moja yanayeyuka usiyaone, utaandika hana na kumbe anayo. Yai la mjeledi lenyewe linasubiri. Ni kama pipa dogo la rangi ya asali lenye vizibo ncha zote mbili. Unahesabu yote, safu kwa safu, kisha unazidisha mara 24 kupata idadi ya mayai kwa gramu moja. Glasi kadhaa kwa kila mtu, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Ukikosea kuhesabu wewe uliyepo Chake, dawa inaonekana imeponya na haijaponya. Kampuni ya Ujerumani, wataalamu wa Uswisi, jarida la Marekani, wote wanategemea macho yako. Wapo vijana Pemba wanaosoma glasi kwa ustadi ambao huupati Ulaya, maana kule hawaoni mayai hayo ila kwenye picha za vitabu. Ujuzi huo ndio mtaji wetu, na tunauuza kama kibarua cha siku.

Nas_Vikokotoni

Hapo umenigusa. Basi tuambie, huko ndani uliona nini kibaya?

Mtambile77

Nitasema jambo moja. Mradi siutaji, na si huo wa emodepside, ni wa miaka mingi nyuma.

Tulipoanza tuliletewa friji la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa ajili ya kuhifadhia sampuli. Wakati wa mradi fundi alikuwa anakuja kutoka nje kulitengeneza. Mradi ukaisha, sampuli zikapakiwa kwenye barafu kavu zikasafirishwa, friji tukaachiwa sisi. Kulikuwa na furaha, tukapiga picha nalo. Miezi saba baadaye kompresa ikafa. Kifaa chake hakipatikani Zanzibar wala Dar, na bajeti ya kukiagiza haikuwahi kuandikwa popote. Mara ya mwisho nilipopita pale limewekewa mafaili ndani, limechomekwa mbao mlango usijifunge.

Aliyeandika mkataba ule hakutudhulumu kwa makusudi. Hakuna upande wetu aliyeuliza swali: baada ya mwaka wa tatu, kompresa nani atanunua? Maswali ya namna hiyo yangekuwepo yangekuwa mistari miwili tu ya maandishi. Sampuli zitakaa miaka mingapi na nani atazifungua tena. Dawa ikifaulu, itafika Pemba lini na kwa bei gani. Mtoto wetu mmoja atakwenda kusoma au hatakwenda. Jina la msoma glasi litaandikwa au litaishia kwenye "tunawashukuru wafanyakazi wa maabara".

Mnakumbuka mbung'o wa Unguja? Madume yalikuzwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa na ndege juu ya Unguja, na mbung'o wa mwisho akanaswa 1996. Fedha na utaalamu mwingi vilitoka nje, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likiwemo. Lakini faida ilibaki hapa, ng'ombe wanafugika mpaka leo. Ushirika wa namna hiyo upo na tumeshauona kwa macho, kwa hiyo ninachokiomba si ndoto.

BintiJambiani

Kaka, na yule mtu aliyetoa choo chake, yeye anarudishiwa nini?

Mtambile77

Hilo ndilo limenifanya nianze uzi, Bi mdogo, nikawa nalizunguka.

Kwenye mradi ule ule wa friji, kuna mzee mmoja wa shehia ya kusini alitupa vikopo siku nne mfululizo bila kukosa, akivifunga kwenye jani la mgomba ili visipate jua. Mwaka jana nimekutana naye sokoni Chake. Akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, zile glasi zenu zilisema nini?" Sikuwa na jibu. Karatasi ilishachapishwa zamani, kwa Kiingereza, na hakuna aliyerudi shehiani kuisoma.

Ninayo karatasi hiyo. Nimeifupisha kwa Kiswahili, kurasa mbili, na jedwali moja nimelichora kwa mkono. Mwezi huu nakwenda Pemba. Sheha nimeshazungumza naye, amesema tukutane Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Kama kuna mtu wa Pemba ananisindikiza, aseme. Peke yangu naona uzito.

Mwalimu_Konde

Mimi nakuja, na nitaleta wanafunzi wawili wa fomu sita wanaotaka kusomea maabara. Tutateremka na daladala ya asubuhi. Tukukute wapi?

Mtambile77

Chake, mbele ya soko, saa nne. Wanafunzi waje na daftari, na mmoja aje na kalamu nene, lile jedwali nataka tulikuze kwenye karatasi kubwa wazee waone kutoka nyuma.